Jinsi ya Kupata Maduka ya Modeli za Treni Ukiwa Nchi ya Watu

Duka la modeli za treni ni nadra kulikuta kwenye barabara kuu yenye maduka ya nguo na mikahawa. Pango la pale ni ghali, na mteja wa treni hahitaji kuvutwa na kioo cha dirishani, kwani atalifuata duka popote lilipo. Ndiyo maana utalikuta ghorofa ya tano ya jengo jembamba, au nyuma ya maegesho ya magari, au katika mji mdogo wenye kituo kimoja cha treni, au ndani ya duka la vitu vya watoto ambalo bango lake halitaji treni hata kidogo. Mgeni anayetembea huku akisoma mabango anaweza kukaa wiki nzima mjini asilione, na kumbe lipo mtaa wa pili kutoka hotelini kwake. Kazi ya kulipata hufanyika nyumbani, kabla ya kupanda ndege.

Tafuta kwa lugha ya wenyeji

Ukiandika maneno ya Kiingereza kwenye ramani ya simu ukiwa Ujerumani au Japani, utaletewa makumbusho, maduka ya zawadi za watalii na labda duka moja lililotafsiri tovuti yake. Mengine yote yatabaki gizani. Andika neno ambalo mwenye duka mwenyewe ameliandika mlangoni.

Kwa Ujerumani, Austria na sehemu ya Uswisi inayosema Kijerumani, andika Modellbahn au Modelleisenbahn, kisha rudia kwa neno Spielwaren, maana maduka mengi ya zamani ya vifaa vya kuchezea bado yana ukuta mzima wa treni huko nyuma. Ufaransa ni modélisme ferroviaire au trains miniatures. Italia ni modellismo ferroviario, na wapenzi wenyewe hufupisha kuwa fermodellismo. Hispania ni modelismo ferroviario au trenes a escala. Uholanzi ni modelspoor na modeltreinen, Uswidi ni modelljärnväg, Poland ni modelarstwo kolejowe na Cheki ni modelová železnice. Brazil hutumia ferromodelismo. Hata kwenye Kiingereza chenyewe maneno hutofautiana: Uingereza ni model railway, Marekani ni model railroad, na huko Marekani neno hobby shop huleta maduka ambayo yale mengine hayaleti.

Kwa Japani nakili herufi hizi uziweke kwenye simu: 鉄道模型, yaani modeli za reli. Ukitaka skeli ya N pekee (skeli ni uwiano wa ukubwa wa modeli na wa treni ya kweli), tumia Nゲージ. Kwa Taiwan ni 鐵道模型. Usijaribu kuziandika kwa herufi za Kilatini. Ramani itakupa nusu ya majibu.

Jambo jingine: usitafute kwenye jiji kuu peke yake. Fungua ramani kwenye njia ya treni utakayosafiri nayo, kisha rudia neno lilelile katika kila mji utakaopitia. Duka kubwa la Gaugemaster huko kusini mwa Uingereza liko jirani na kituo kidogo cha Ford, West Sussex, mahali ambapo hakuna mtalii angeshuka kwa sababu nyingine. Göppingen, uliko makao ya Märklin, watengenezaji wa modeli za treni, tangu 1859, uko kwenye njia ya treni kati ya Stuttgart na Ulm, na jumba lao la makumbusho lina duka lake.

Njia ya pili ni tovuti za watengenezaji. Märklin, Piko, Peco na wengine wengi wana ukurasa wa kutafuta wauzaji kwa mji. Kurasa hizo zina kasoro moja: muuzaji mwenye rafu moja ya seti za watoto huorodheshwa sawasawa na duka lenye vichwa vya treni mia tatu. Kwa hiyo chukua jina pale, kisha nenda ukaangalie picha za ndani ya duka kwenye ramani. Picha za rafu husema ukweli kuliko maelezo. Ukiona maboksi marefu membamba yamepangwa hadi darini, nenda. Ukiona ndege zisizo na rubani na magari ya rimoti, na treni mbili tu karibu na kaunta, hiyo ni safari ya hasara.

Chama cha wapenzi wa reli cha mji husika ni chanzo kizuri pia. Barua pepe fupi ya kuuliza duka gani bado lina vitu vya skeli yako hujibiwa mara nyingi kwa moyo mweupe, na hutaambiwa duka tu, utaambiwa na siku mwenye duka anapokuwa na hasira.

Maduka yaliyo ndani ya makumbusho yasikuvute sana. Miniatur Wunderland ya Hamburg, iliyofunguliwa 2001, inastahili siku nzima ya kutazama, lakini anayetafuta soketi ya dikoda (kifaa cha elektroniki ndani ya kichwa cha treni kinachopokea amri za dijitali) au gurudumu la akiba aangalie maduka ya mjini.

Hakikisha kwamba duka bado lipo

Biashara hii inapungua madukani na kuhamia kwenye intaneti, na wenye maduka wengi wamezeeka bila mrithi. Hata majina makubwa huondoka. Hattons ya Uingereza, iliyoanza Liverpool mwaka 1946, ilifunga 2024. Caboose Hobbies ya Denver, iliyokuwa ikijulikana Marekani nzima, ilifunga 2016. Anwani zao bado zimo kwenye kurasa za zamani za ushauri wa safari, na watu bado huzifuata.

Angalia tarehe ya maoni ya mwisho ya wateja. Kama hakuna maoni wala picha ya miezi sita iliyopita, piga simu au andika barua pepe. Maswali matatu yanatosha: mko wazi tarehe fulani? Mna skeli fulani? Mna bidhaa zilizotumika? Andika kwa sentensi fupi ili programu ya kutafsiri isiharibu maana.

Swali la kwanza ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu baadhi ya maduka yenye tovuti nzuri ni maghala tu. Ukikuta maneno nach Vereinbarung kwenye tovuti ya Kijerumani, maana yake ni kwamba lazima upange miadi. Ukifika bila miadi utakuta mlango wa chuma.

Saa za kazi nazo zina mtego wake. Ujerumani na Austria maduka hufungwa Jumapili kwa mujibu wa sheria. Duka dogo la mtu mmoja mara nyingi hufungwa pia Jumatatu, au Jumatano mchana, na Jumamosi hufunga saa saba au saa nane mchana. Mapumziko ya mchana bado yapo: funga saa saba, fungua saa tisa. Ufaransa Jumatatu ni siku ya kufunga kwa maduka mengi madogo, Italia ni Jumatatu asubuhi, na mwezi Agosti nchi zote mbili zina maduka yanayofunga wiki mbili au tatu mfululizo kwa likizo. Japani hufungua kwa kuchelewa, saa nne au saa tano asubuhi, na kufunga saa mbili usiku. Tafuta neno 定休日 kwenye tovuti, ndiyo siku ya mapumziko ya kila wiki.

Wiki za kuelekea Krismasi shehena huwa kamili Ulaya, lakini wauzaji hawana muda wa kukujaribishia kitu. Ukiweza kuchagua, nenda Januari au Februari.

Andika mahitaji yako kabla ya kuingia

Mali bila daftari huisha bila habari, na kwenye treni hununuliwa mara mbili. Kwenye simu weka orodha ya namba za bidhaa ulizonazo, kisha mistari sita: skeli, aina ya umeme, dikoda, kiungio, kipindi, na kona kali kuliko zote kwenye reli zako. Hapa ndipo pesa nyingi za wasafiri hupotea, kwa hiyo tuende polepole.

Upana wa reli si skeli. HO ni 1:87, yaani modeli ni ndogo mara 87 kuliko treni ya kweli, na reli yake ina upana wa mm 16.5. Uingereza hutumia OO, ambayo ni 1:76, lakini juu ya reli ileile ya mm 16.5. Kichwa cha treni cha Kiingereza kitatembea kwenye reli zako za HO bila shida, ila kitakuwa kikubwa kwa takribani asilimia 14, na ukikiunganisha na mabehewa ya Kijerumani jicho litakataa. Japani nako ukiona HO dukani, mara nyingi ni 1:80 juu ya reli hiyohiyo.

Kwenye N upana ni mm 9 dunia nzima, lakini Ulaya bara na Marekani ni 1:160, Uingereza 1:148 na Japani 1:150. Sababu ya Wajapani inaeleweka: reli zao nyingi za kweli zina upana wa mm 1067, ambao kwa 1:150 ungekuwa kama mm 7.1. Watengenezaji walichagua kubaki na mm 9 ili vifaa viingiliane, wakakuza mwili kidogo ili usionekane mwembamba juu ya reli pana. Shinkansen, treni ya kasi ya Japani, hutembea juu ya reli ya kweli ya mm 1435, na hiyo kwa 1:160 ni karibu mm 9 kamili. Ndiyo maana modeli za Shinkansen hutengenezwa kwa 1:160. Kwa hiyo mwenye mkusanyiko wa Ulaya anaweza kununua Shinkansen bila wasiwasi wa ukubwa, ila treni za kawaida za Japani zitaonekana zimenenepa kidogo.

TT ni 1:120 kwa reli ya mm 12. Ina nguvu iliyokuwa Ujerumani Mashariki, Cheki na Poland, na Hornby wa Uingereza waliingia mwaka 2022. Ukikuta TT ya zamani kwenye mitumba ya Uingereza, tahadhari: ile ni skeli nyingine, karibu 1:102, ingawa reli ni mm 12 vilevile. Z ni 1:220 kwa mm 6.5. O ina reli ya mm 32 lakini ni 1:45 Ujerumani, 1:43.5 Uingereza na Ufaransa, na 1:48 Marekani. Treni za bustani, zile za G, hutumia reli ya mm 45 na skeli kadhaa tofauti.

Umeme ndio mtego wa pili. HO ya Märklin hutumia reli tatu: mkondo mmoja hupita kwenye vitufe vidogo katikati ya reli, na magurudumu ya pande zote mbili yameungana kiumeme. Weka behewa lake kwenye njia ya kawaida ya reli mbili na papo hapo unapata shoti. Roco, Piko na wengine hutengeneza kichwa kilekile kwa aina zote mbili, boksi zikifanana kama mapacha na kutofautiana namba ya bidhaa tu. Tafuta alama: = ni ya umeme wa DC, yaani reli mbili, na ~ ni ya AC, yaani Märklin. Kwa mabehewa kosa hili linarekebishika, kwani maduka mengi hubadilisha ekseli kwa malipo madogo. Kwa kichwa cha treni ni kazi ya fundi, na mara nyingi haina faida.

Dikoda: soma ni soketi gani imo ndani. NEM 652 (NEM ni viwango vya Ulaya vya modeli za treni) ina pini 8, MTC ina 21, kuna PluX22, na kwa vichwa vidogo Next18. Muuzaji akikwambia kichwa kiko tayari kwa dijitali, ana maana kwamba soketi ipo, dikoda haimo. Usinunue dikoda mpaka uone jina la soketi kwa macho yako, kwenye boksi au kwenye karatasi ya maelezo.

Viungio vya HO vya Ulaya huingia kwenye mfuko mdogo wa kipimo cha NEM 362. Unavuta kimoja unachomeka kingine. Mabehewa ya Marekani huja na viungio vya umbo la ngumi vilivyofungwa kwenye kiboksi chini ya behewa, na mengi hayana mfuko wa NEM. Kuvichanganya kunawezekana kwa kuteua behewa moja la mpito, lenye kiungio cha aina hii mbele na cha aina ile nyuma. Kwenye N ya Ulaya utakuta ndoano ya mtindo wa Rapido, ambayo haishikani na viungio vya Kato, watengenezaji wa Japani.

Behewa la abiria la kisasa la HO lenye urefu kamili lina mm 303. Kwenye kona ya nusu kipenyo cha mm 360 linaweza kugusana na jirani yake au kuruka reli. Boksi la Kijerumani huandika Mindestradius, yaani nusu kipenyo cha chini kabisa, na namba. Isome kabla hujapenda rangi. Kipindi nacho huandikwa kwa namba za Kirumi: III ni baada ya vita hadi karibu 1970, IV ni hadi 1990, V hadi 2006, na VI ni kuanzia hapo. Ukimwonyesha muuzaji vidole vitatu na kusema Epoche, atakupeleka rafu inayofaa bila neno jingine.

Transfoma usinunue ugenini. Ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani 120, na ukiichomeka kwenye 230 utasikia harufu kabla hujaona moshi. Kinachoruhusiwa ni adapta iliyoandikwa 100–240V. Kinyume chake pia kipo: transfoma za zamani za bluu za Märklin za volti 220, zinazojaa kwenye mitumba ya Ujerumani, hutoa volti nyingi mno wakati wa kugeuza mwelekeo wa treni, na dikoda mpya haistahimili.

Reli zenye kitako cha plastiki hazipandani ovyo. Unitrack ya Kato na Fine Track ya Tomix zote ni N, zote ni mm 9, lakini hazifungani bila kipande maalumu cha kuunganishia. Kama una mfumo mmoja, baki nao.

Mahali pa kuanzia

Tokyo anza na Akihabara. Hapo usitazame madirisha ya barabarani, tazama kibao cha majina ya ghorofa kilicho karibu na lifti, maana maduka ya treni yamo juu. Popondetta na Tam Tam ni majina ya kutafuta, na Yodobashi Camera ya hapo ina ghorofa ya vifaa vya kuchezea yenye treni nyingi mpya. Kato wenyewe wana Hobby Center karibu na kituo cha Ochiai-minami-nagasaki kwenye njia ya Oedo. Ukihitaji kipuri kimoja, bogi (fremu ya magurudumu) au ubao wa taa, hapo ndipo pa kwenda ukiwa na namba ya kipuri. Osaka eneo la kutembelea ni Nipponbashi.

Watengenezaji wa Japani hutoa treni kwa mafungu. Fungu likiisha, limeisha, na linaweza lisirudi kwa miaka. Kwa hiyo usitafute toleo la zamani kwenye rafu za vitu vipya. Nenda palipoandikwa 中古, yaani vilivyotumika. Ukiona ジャンク ujue ni bidhaa mbovu zinazouzwa kama zilivyo, hazirudishwi. Kikaratasi chenye 動作確認済み kina maana kwamba imejaribiwa na inatembea.

Ujerumani karibu kila mji wa kadiri una duka moja, na pale nchi ilipogawanyika zamani bado mpaka unaonekana kwenye rafu: mashariki TT imejaa, magharibi utaitafuta. Marekani umbali ndio adui, kwa kuwa maduka mengi yapo pembezoni na hayafikiki bila gari. Mjini New York TrainWorld ipo Brooklyn na treni ya chini ya ardhi inatosha kukufikisha. Strasburg, Pennsylvania, inastahili siku nzima: kuna reli ya mvuke inayofanya kazi, makumbusho ya reli ya jimbo na makumbusho ya treni za kuchezea, vyote karibu karibu.

Ukiwa dukani

Salimia kwanza, hasa Ujerumani na Ufaransa; kuingia kimya na kuanza kufungua maboksi ni utovu wa adabu. Boksi la kichwa cha treni lisifunguliwe na wewe. Mwombe muuzaji. Vitu vidogo, kama vikono na ngazi, hung'oka kwa mtu asiyejua mahali pa kushika, na vikiwa vimeng'oka mikononi mwako, umenunua.

Kila kichwa, kipya au cha zamani, kijaribiwe kwenye kipande cha reli cha dukani. Kwa Kijerumani: Können Sie die Lok bitte kurz testen? Kwa Kijapani onyesha maandishi haya: 動作確認をお願いできますか。 Duka zuri halichukizwi na ombi hili. Tazama mambo manne: kianze kwa mwendo wa taratibu bila kushtuka, kitembee mbele na nyuma, taa zibadilike kulingana na mwelekeo, na kisitoe mlio wa kugonga kwa kila mzunguko wa gurudumu. Mlio huo wa tak-tak-tak unaofuata mwendo ni dalili ya gia ya plastiki iliyopasuka kwenye ekseli. Mlio wa kukwaruza usio na mpangilio mara nyingi ni grisi iliyokauka tu, na hiyo inasafishika.

Vitu vilivyotumika vinahitaji jicho zaidi. Mwombe muuzaji akigeuze kichwa cha treni chini juu kwenye sponji. Angalia mipira myembamba kwenye magurudumu ya kuvuta. Ikiwa imepasuka au kulegea si tatizo, ni kipuri cha bei ndogo, lakini itumie kupunguza bei. Angalia kama magurudumu yana utando mweusi mzito, ishara ya matumizi mengi. Hesabu vikono, pembe na pantografu (mikono ya kupokea umeme juu ya paa) kwa kulinganisha na picha ya boksi. Linganisha namba pia: mara nyingi boksi ni la kichwa kingine.

Kwa modeli za chuma za zamani tafuta kile Wajerumani huita Zinkpest. Aloi ya zinki iliyochafuliwa na risasi wakati wa kumimina hujila yenyewe kutoka ndani kwa miaka. Mwanzoni utaona nyufa nyembamba kama nywele kwenye fremu, rangi imevimba bila kubanduka, au mwili uliojikunja kidogo kiasi kwamba sehemu ya chini haikai sawa. Paka gundi, paka rangi, haitapona. Weka chini uondoke, hata bei ikiwa ya kutupwa.

Masoko ya Jumapili

Maduka yakifungwa Jumapili Ujerumani, masoko ya kubadilishana hufunguliwa kwenye kumbi za mji na za michezo. Yatafute kwa neno Modellbahnbörse pamoja na jina la mji na mwezi. Italia ni borsa scambio, Ufaransa ni bourse, Uholanzi ni ruilbeurs. Vitu adimu huondoka saa ya kwanza, na bei hulegea saa ya mwisho wauzaji wanapofikiria kubeba mizigo tena. Chukua fedha taslimu za noti ndogo.

Meza nyingi hazina reli ya kujaribia, kwa hiyo beba betri ya volti 9 yenye nyaya mbili fupi. Kwa kichwa cha DC cha HO au N gusisha waya mmoja kwenye magurudumu ya kulia na mwingine ya kushoto kwa sekunde mbili tatu. Mota nzima itazunguka na taa kuwaka. Kisipozunguka, usihukumu haraka: chenye dikoda kinaweza kuwa kimezimiwa mwendo wa DC.

Maonyesho makubwa kama Intermodellbau ya Dortmund, mwezi Aprili, na ya West Springfield, Massachusetts, mwezi Januari, yanafaa kupangiwa safari. Maonyesho ya vifaa vya kuchezea ya Nürnberg, hapana: ni ya wafanyabiashara tu, mgeni wa kawaida haingii.

Kodi na mizigo

Asiyeishi Umoja wa Ulaya anaweza kurudishiwa VAT ya bidhaa anazoondoka nazo. Ujerumani risiti izidi euro 50. Nchi nyingine zina viwango vyao. Omba fomu dukani ukiwa na pasipoti, na uwanjani pitia forodha wapige muhuri kabla hujakabidhi begi kubwa, maana wanaweza kutaka kuona kitu chenyewe. Mitumba mara nyingi haihusiki: ikiwa risiti imeandikwa Differenzbesteuerung, hakuna VAT ya kurudishiwa. Uingereza bara iliacha mpango huu mwaka 2021. Japani kuanzia Novemba 2026 mgeni hulipa kodi dukani kisha hurudishiwa anapoondoka, badala ya kusamehewa kwenye kaunta kama zamani. Nchini kwako nako kuna ushuru, kwa hiyo tunza risiti zote.

Vichwa vya treni vibebe mkononi, ndani ya maboksi yake ya asili. Kwenye mashine ya ukaguzi donge la chuma lenye nyaya humshtua mkaguzi. Likiwa kwenye boksi lenye picha ya treni hufunguliwa na kurudishwa kwa dakika moja. Mabehewa yanaweza kwenda kwenye begi kubwa, katikati ya nguo, maboksi yakisimama kwa ubavu ili uzito wa juu usibonyeze paa. Rangi za kuyeyushwa kwa tina, gundi zenye harufu kali, makopo ya kupuliza na mafuta ya moshi wa treni za mvuke ni vimiminika vinavyowaka; viache dukani. Reli za kupinda za Peco zina urefu wa mm 914 na haziingii kwenye begi la kawaida. Ukizihitaji, mwombe muuzaji azitume kwa posta kwenye bomba gumu la karatasi, na uulize bei ya kutuma kabla ya kulipa, kwani mara nyingi huzidi bei ya reli zenyewe.